Tumbo Chini ya Zizi

Njiti ya kiberiti iliwaka, ikaungua mpaka ikafika kwenye kucha za Ayaa, ikazima. Jiko la gesi lilikaa kimya juu ya meza yake mpya.

"Washa ingine," mumewe Tsongo alisema.

"Nimewasha karibu zote."

"Washa tu, Mama Night. Fundi alisema hii kitu haitaki haraka."

Ayaa, Mama Night kwa jina la mtoto wao, akawasha nyingine. Alifungua koki, akasikia pumzi ikitoka kwenye bomba kidogo kidogo, akausogeza moto taratibu kama anayemlisha mtoto mgonjwa. Pumzi ile ikaupuliza moto, ukafa. Harufu ya zizi ikajaa jikoni. Majirani waliokuwa wamesongamana mlangoni wakaziba pua, na mmoja wao akacheka kicheko kile cha mtu anayejifanya anakohoa.

Nje, juu ya kigoda, bibi Kabugho, mama yake Tsongo, alikuwa akimenya mihogo bila hata kugeuza shingo.

"Miye nilisema," akasema. "Mavi ni mavi. Ukiitia bomba, inakuwa mavi yenye iko na bomba."

Hapo waliokuwa wakificha kicheko wakakitoa. Ayaa naye alitaka kucheka, maana bibi yule alikuwa na mdomo, lakini kifua kilimwahi. Alikohoa akiwa ameishika meza kwa mikono miwili, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka ghafla kazi aliyoiacha kwake.

Kikohozi hicho ndicho kilicholeta shimo. Daktari mmoja kule Bwera alikuwa amemwambia Ayaa bila kuzunguka kwamba mapafu yake yamechoka na moshi, na kwamba hakuna dawa itakayoshindana na mafiga yanayowashwa asubuhi na jioni. Tangu siku ile nyumba ya Tsongo ilikuwa na njia mbili za kumtoa Ayaa kwenye moshi. Ya kwanza ilikuwa imefukiwa chini ya zizi: tangi la matofali la kugeuza mavi ya ng'ombe kuwa gesi, la mviringo, lenye mdomo wa kulishia upande mmoja na tundu la kutokea makapi upande wa pili. Ya pili ilikuwa inaishi Maliba, na jina lake ni Mackline.

Mackline alikuwa mjane mwenye kifua kizima na mikono ya kazi, na ukoo wa Tsongo ulikuwa umeshamtaja awe mke wa pili. Kanisani kwao mke ni mmoja, hilo kila mtu alilijua na hata kuliimba. Lakini ukoo nao una kanisa lake, na mahubiri yake hayapigiwi kengele. Walisema Mackline ashike jiko, Ayaa apumzike. Neno tamu, pumzika. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; Ayaa, baada ya miaka yote ile, walitaka kumpa kiti.

Tsongo, mtu ambaye hajawahi kujibu swali siku ileile aliyoulizwa, aliwaambia wazee wangojee. Gesi ikiwaka, maneno ya Mackline yaishe. Kahawa ikivunwa na gesi haijawaka, wajomba wa Mackline waje, waongee. Hivyo ndivyo ndoa ya Ayaa ilivyowekwa ndani ya shimo la mavi ya ng'ombe, na yeye mwenyewe akapewa kazi ya kulilisha.

*

Kulilisha hakukuwa na siri. Kila asubuhi Ayaa alizoa mavi mabichi ya ng'ombe watatu wa Tsongo, akayatia kwenye beseni la saruji juu ya mdomo wa tangi, akaongeza maji ndoo kwa ndoo, akayakoroga kwa mikono mpaka yakawa uji, akitoa majani na vijiwe. Kisha alivuta kizibo, na uji ule ukashuka kwa sauti ya mtu mwenye kiu anayekunywa maji.

Siku za mwanzo alitapika. Baadaye akaanza kuipenda sauti ile. Fundi Ssali, Muganda aliyetoka Kasese kuja kulijenga, alikuwa amewaambia mbele ya kijiji kizima kwamba hili ni tumbo: ng'ombe wa nne, amelala chini, mumchunge kama wale wengine. Ayaa alipata mazoea ya kuinama na kutega sikio juu ya udongo uliofunika tangi. Huko ndani kulikuwa na kitu kinachochemka polepole. Alitaka kujua ni nini kinakula, kinalala saa ngapi, kwa nini kinapumua lakini hakiwaki. Alikuwa binti wa sajini Olanya, Mwacholi aliyezeekea kambini, na kwao alifunzwa kwamba kitu usichokielewa hukiogopi, unakikagua.

Kwa wakwe, ukaguzi haukuwa rahisi hivyo. Lhukonzo, kilugha chao, alikijua cha kutosha kutambua kwamba anasengenywa, lakini si cha kutosha kujibu. Kwa hiyo nyumba ile ilizungumza Kiswahili: chake cha kambini, na cha Kabugho, ambacho bibi alikiokota ng'ambo ya mpaka enzi zile alipokuwa akichukua chumvi ya Katwe na kwenda kuiuza Kasindi. Hata sasa alipozeeka hakuiacha chumvi yake. Magunia yalikaa chumbani mwake, na wafugaji wa kilima kile wakitaka chumvi ya ng'ombe walijua mlango wa kugonga.

Asubuhi moja Ayaa alitoka na ndoo akamkuta mama mkwe amesimama kando ya beseni, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Mama, umelala salama? Unatafuta kitu?"

"Kwani hapa ni kwa nani?" Kabugho alijibu. Alijifuta kwa kitenge chake, akaenda zake kwenye migomba akitembea kama mtu ambaye hakuwa ameharakisha.

Ayaa akachungulia beseni. Hakuona kitu. Lakini tangu siku ile hakulala vizuri, na si kwa sababu ya kikohozi peke yake.

*

Kabla kahawa haijaisha mitini, Mackline mwenyewe alikuja kusalimia. Alikuja na mkungu wa ndizi kichwani na viatu mkononi, akavivaa alipofika uani. Kabugho alimkaribisha kwa bashasha, akamwonyesha maji, akamwonyesha kuni. Ayaa alipotoka chumbani alikuta jikoni kwake kumefagiwa, sufuria zimepangwa kutoka kubwa mpaka ndogo, na mwiko wake, ule aliouzoea, uko mkononi mwa mwanamke mwingine anayesonga bundu, ugali wa muhogo.

Bundu ilikuwa laini. Tsongo alikula akiwa ameinamisha kichwa, na alipoulizwa na mama yake ikoje, alisema iko sawa. Ayaa aliona aibu isiyo na jina: kukaa mezani kwako, ushukuru kwa chakula cha kwako, umwambie mtu mwingine pole na kazi.

Walipobaki wawili kuosha vyombo, Mackline alisogea karibu.

"Dada, nikuulize kitu. Hiyo shimo, ni kweli iko na tumbo?"

"Hivyo fundi anasema."

"Naweza kuona?"

Ayaa alimpeleka, kwa kukosa sababu ya kukataa. Mackline aliinama, akaweka sikio chini, akakaa hivyo muda mrefu, makalio juu, bila kujali gauni lake la kutembelea watu.

"Inaongea," akasema.

"Inaongea, lakini haiwaki."

Mackline aliinuka, akapangusa shavu. "Mimi pia naingojea, dada. Ikiwaka, nabaki kwangu na shamba yangu. Isipowaka, wajomba yangu watafurahi. Mimi hawakuniuliza."

Ayaa alikuwa amejiandaa kumchukia mtu huyu. Alikuwa ameyapanga hata maneno. Sasa hakujua ayapeleke wapi. Alimsindikiza mpaka njia panda, kama desturi, na wakaagana kwa mikono yenye harufu ya zizi.

*

Fundi Ssali alifika kwa bodaboda, kofia ya kazi kichwani na vumbi la barabara ya Kasese kwenye kope. Majirani walishajua kabla yake. Walikuwa wamekaa ukingoni mwa zizi kama watu wanaongojea kuona jino linavyong'olewa.

"Nani anailisha?" Ssali aliuliza.

"Mimi, afande," Ayaa akasema. Akiogopa, kambi ilimrudia mdomoni.

"Mimi si afande, nnyabo," akamjibu, akimwita mama kwa Kiganda. "Mavi kiasi gani, maji kiasi gani?"

"Ndoo kwa ndoo."

"Maji ya sabuni?"

"Hapana. Maji ya mto."

"Kale, sawa. Na wewe, ssebo," akamgeukia Tsongo, "dawa ya kupe unapuliza wapi?"

Tsongo alijikuna shingo. "Hapahapa. Lakini hiyo siku mavi tunamwaga kwa migomba. Haingie mule. Ulituambia, tukasikia."

"Kuku wanakunya ndani? Watoto wanatupa nini?"

"Hapana," Ayaa alisema. "Nafunika na bati."

Ssali alifungua koki, akanusa. Alitia kijiti mdomoni mwa tangi, akakitoa, akakitazama kwenye jua. Uso wake ulianza kupata haya ya fundi ambaye kazi yake inamkana mbele ya watu. Alirudi kwenye beseni, akapiga magoti, akapitisha kidole kuzunguka ukingo wa ndani. Saruji ilikuwa na mstari mweupe, kama ule unaobaki kwenye mgongo wa shati la mtu aliyelima juani. Akaukwangua kwa ukucha. Akaunusa. Akatazama kulia na kushoto, na kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine, akaugusisha kwenye ulimi.

Majirani walitoa mguno mmoja.

Ssali alitema mate. "Chumvi," akasema. "Tena nyingi. Nani anatia chumvi kwa shimo?"

Shingo zote ziligeuka upande mmoja. Katika kilima kile chumvi ya Katwe ilikuwa na nyumba yake, na mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mama," Ayaa alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo na kavu. "Ni wewe."

"Ni miye," Kabugho akasema.

"Nilikuona. Asubuhi ile. Nikajiambia mama wa watu hawezi kufanya hivyo, ni wivu wangu tu. Ulitaka isiwake. Ulitaka mimi nitoke, Mackline aingie. Si ungenifukuza tu? Ungesema, mutoto ya mwanajeshi, rudi kwenu, ningeenda. Kwa nini kunihangaisha na mavi kila asubuhi?"

"Mama Night," Tsongo alianza.

"Wewe nyamaza. Ni kunyamaza kwako kumetufikisha hapa."

Watu walikuwa hawajawahi kumsikia Ayaa akimwambia mumewe hivyo. Tsongo, kwa kushangazwa, alitii.

Kabugho alishuka kizingiti, akaja mpaka kwenye beseni. Hakuwa na haraka wala woga. Alimwelekea Ssali kwanza.

"Weye fundi. Siku ile ulisema hii ni kitu gani?"

"Tangi la gesi, Mama."

"Hapana. Sema vile ulisema."

Ssali alikohoa kidogo. "Nilisema ni tumbo."

"Ulisema ni ng'ombe. Batu yote ilisikia. Ng'ombe ya ine, muichunge sawa ile ingine. Sasa nikuulize. Ng'ombe ikikataa kula, ikilala, haiamuke, unaipa nini?"

Mzee mmoja ukingoni mwa zizi alijibu kabla ya Ssali, kwa sauti ya mtu aliyefuga maisha yake yote: "Chumvi."

"Chumvi," Kabugho akasema. "Nikaipa kidogo, haikuamuka. Nikaongeza. Nikasema pengine hii iko na tumbo kubwa kuliko zile zingine. Gunia imefika chini."

Wengine walitaka kucheka, wakasita, kwa sababu wengi wao, kwa haki, wangefanya vilevile.

"Lakini Mama," Ssali akasema, akichutama ili asizungumze juu ya kichwa cha mzee, "ndani mule iko vidudu, vidogo mpaka jicho haivioni. Hivyo ndivyo vinakula mavi vinatoa gesi. Chumvi nyingi inaviua."

"Na ndani ya ng'ombe, vidudu haiko?"

"Iko."

"Na ng'ombe inalamba chumvi."

"Inalamba kidogo, Mama. Inakunywa maji mengi. Na inakojoa. Hii yetu haikojoi."

Kabugho alilifikiria jambo hilo. Ilionekana usoni kwamba amelielewa, kwamba limempendeza hata, na kwamba lingemfaa sana kama angeambiwa mapema. "Ulisahau kusema haikojoe," akasema.

"Nilisahau," Ssali akakubali.

Ayaa alikuwa bado amesimama palepale, ndoo mguuni. "Kama ulitaka iwake, kwa nini ulijificha?"

"Nilikuwa nimeicheka mbele ya batu. Sasa ningeilisha mbele yao?"

"Na Mackline? Nani alimtafuta?"

"Miye." Bibi alimtazama mkwe wake machoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Miye nilienda Maliba kwa miguu yangu. Chumba yangu na yako iko ukuta moja. Unakohoa, miye nakaa kwa kitanda. Unanyamaza, naogopa zaidi. Mutu anazama, unamutupia kamba yote yenye uko nayo. Nikatupa chumvi, nikatupa Mackline. Nikasema, moja yake itafika."

Ayaa alisikia maneno hayo yakimwingia mahali ambapo hakuwa amejilinda. Aliumia, akapendwa, vyote kwa mpigo mmoja, na hakuna kilichompisha mwenzake. Alitamani kumkumbatia mwanamke yule na alitamani kumpiga ndoo.

"Hukuniuliza," alisema mwishowe. "Hata siku moja, Mama, hukuniuliza."

"Ungesema nini?"

"Ningesema sitaki."

"Sasa unaona," Kabugho akasema, na akarudi kwenye mihogo yake. Lakini maganda siku ile yalitoka na nyama nyingi.

Ssali alieleza kilichobaki. Shimo litapishwe lote, lioshwe, lijazwe mavi mapya. Yeye angeleta uji kutoka kwenye tangi moja la Maliba linalowaka, uwe hamira. Tsongo aliuliza itachukua muda gani. Fundi akasema mwezi, pengine zaidi, vidudu havina saa. Na kahawa ilikuwa imekwisha kuvunwa; wajomba wa Mackline walikuwa wanakuja Jumamosi.

*

Kwa ukoo ule, siku ya kuja kuongea habari za mke wa pili ina sheria moja isiyoandikwa popote. Wageni lazima wale, na anayewapikia ni mke wa kwanza. Akipika, amekubali, hakuna haja ya kumuuliza. Hivyo ndivyo walivyoondoa usumbufu wa kuuliza. Asipopika, nyumba imeaibika, na wageni watasema, kwa haki kabisa, kwamba kumbe jiko hili kweli limekosa mtu. Mama mkwe akipika badala yake, ni kusema anamtaka mgeni kuliko aliyepo.

Ayaa aliizunguka sheria hiyo siku zote zilizobaki kama mbuzi kwenye kamba, na kila upande kamba ilimrudisha palepale. Jumamosi asubuhi alijifunga kitambaa kichwani, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha jikoni, akatazama mafiga.

Kabugho akaja akakaa kando yake. Walikuwa hawajasemezana vizuri tangu siku ya chumvi.

"Ukipika, umejifunga," bibi akasema.

"Najua."

"Usipopika, batasema umekwisha."

"Najua pia, Mama."

"Miye nikipika, ni mubaya zaidi."

"Sasa?"

"Sasa sijue," Kabugho akasema. Kwa mwanamke ambaye hakuwahi kukosa la kusema tangu azaliwe, hilo lilikuwa tangazo kubwa.

Tsongo alikuwa nyuma yao, na unga wa muhogo mikononi, amesimama kama mtu aliyetumwa akasahau alikotumwa. Haijulikani alikuwa amesikia kwa muda gani. Siku kadhaa alikuwa akizunguka na lile neno alilotupiwa zizini, la kunyamaza kwake; alilala nalo, akaamka nalo, akalipeleka shambani. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomtaabisha, maana alikuwa amedhani wema unatosha.

"Munipishe," akasema.

Wanawake wawili walimtazama.

"Munipishe niingie."

"Unaingia kufanya nini?" mama yake akamuuliza.

"Kupika."

"Tsongo. Mwanaume wa kwetu haipike mbele ya wageni. Batakucheka mpaka Mpondwe."

"Bacheke."

Aliingia. Walimsikia akiburuta kuni, akivunja vijiti, akipuliza. Moshi ulianza kutoka chini ya paa, mwembamba kwanza, halafu mnene wa rangi ya maziwa yaliyochacha. Ayaa aliinuka akasogea mbali, kwa sababu kifua chake kilishaanza kumkumbusha. Kabugho hakuondoka kizingitini. Alimwelekeza mwanawe kwa maneno mafupi, maji kwanza, unga baadaye, usiache kusonga, na kila mara alipotaka kuinuka kumsaidia alijizuia kwa kujikalisha juu ya mikono yake mwenyewe.

*

Wageni walikuwa watatu, na msemaji wao mzee Kathembo, mjomba mkubwa wa Mackline, mwenye koti la suti na buti za mpira. Walikaribishwa kwenye viti uani. Mzee Kathembo alizungumza Kiswahili makusudi, ili mke wa kwanza asikie kila kitu na baadaye asiseme hakuelewa.

"Tunashukuru kwa karibu," akasema. "Tunasikia harufu ya chakula. Hiyo ni dalili nzuri." Akamgeukia Ayaa ili amwambie asante, akamkuta amekaa kwenye kiti uani, kama wao. Akageuka kwa Kabugho. Naye amekaa. Kutoka jikoni mtu alikohoa, kikohozi kizito cha kiume.

"Nani iko napika?" mzee akauliza.

"Mwenye nyumba," Kabugho akasema.

Mwenzake Kathembo wa kushoto alitazama buti zake. Wa kulia alitazama mlango wa jikoni kwa hamu ileile ambayo majirani waliitazamia gesi.

Tsongo akatoka na sinia. Shati lilikuwa na masizi, nyusi moja imeungua ncha, na macho yamevimba mekundu mpaka akakosea njia, karibu ampe kuku sinia. Bundu yake ilikuwa na mabonge ya unga mkavu ndani, sombe, mboga ya majani ya muhogo, imeshika chini. Aliiweka mbele yao, akamwaga maji wakanawa, akabaki amesimama.

Wageni walikula. Adabu ni adabu. Mzee Kathembo alitafuna bonge moja muda mrefu, akalimeza kwa ujasiri, akakunywa maji.

"Basi," akasema, "gesi yenu tulisikia haikuwaka."

"Haijawaka," Tsongo alisema. "Tumeitapisha. Itakaa sana."

"Neno lako lilikuwa, isipowaka, tuongee."

"Lilikuwa hilo. Lilikuwa neno la kijinga." Alikohoa, akajifuta macho kwa mkono, akayazidisha. "Mzee, munisamehe kwa mwendo mumetembea. Mackline ni mutu muzuri, abaki na shamba yake. Hapa nafasi haiko. Ya jikoni nimeijaza mimi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka iwake."

"Na isipowaka kabisa?"

Hapo ndipo Tsongo wa zamani angesema tungojee. Aliangalia chini, na kila mtu alidhani atasema hivyo. "Basi nitajifunza kusonga bundu," akasema.

Yule mgeni wa kulia alicheka. Hakuweza kujizuia, mabonge yale alikuwa ameyaonja. Mzee Kathembo alimkata jicho, kisha naye mdomo ukamcheza kidogo, akauficha kwenye bilauri. Hakufurahi. Aliona ameaibishwa, na kwa namna fulani alikuwa ameaibishwa kweli. Lakini mwanaume aliyejiaibisha kwanza mwenyewe ni vigumu kumwongezea. Aliomba chai.

Tsongo alirudi jikoni kuitoa chai motoni. Ayaa alimfuata mpaka mlangoni, akaziba pua na mdomo kwa upindo wa kitambaa. Ndani moshi ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa kiuno. Mumewe alikuwa amechutama chini kabisa, shavu karibu na ardhi, mahali ambapo pumzi kidogo ilikuwa imebaki, akipapasa mpini wa birika. Miaka yote ile alikuwa akikaa uani akingojea chakula, na moshi aliuona ukitoka juu ya paa, wa bluu, unaopendeza ukitazamwa kwa mbali.

Tsongo aliona miguu ya mkewe mlangoni. Aliinua macho yanayotiririka, na ilikuwa wazi kwamba anauliza kwa sababu anataka kujua.

"Mama Night. Kila siku iko hivi?"

"Hapana," Ayaa akasema. "Leo kuni imekauka."